They Shall Not Pass: nyongeza bora ya Battlefield 1, na namna ilivyotugawa

#1 (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, vuta kiti.

Mwanzoni mwa 2017 kikosi chetu cha Battlefield 1 kilikuwa na watu wanne: mimi niko Tabata, jamaa mmoja Sinza, mwingine Arusha, na binamu yangu aliyekuwa anasoma Nairobi. Tangu gemu itoke tarehe 21 Oktoba 2016 tulikuwa tunakutana usiku wa manane, bando la usiku likishafunguka, tunapiga mpaka mmoja aseme asubuhi ana kazi. Tarehe 14 Machi ikatoka nyongeza ya kwanza, They Shall Not Pass, kwa wenye Premium Pass (tiketi ya kulipia mara moja upate nyongeza zote). Wengine waliruhusiwa kuinunua wiki mbili baadaye, tarehe 28. Mimi nilikuwa na Pass. Wa Sinza akainunua yenyewe. Wawili waliobaki hawakuwa na hela hiyo. Kuanzia hapo tukawa wawili huku na wawili kule, na zile kelele za watu wanne kwenye hedifoni zikaishia hapo.

Naanza na hili kwa sababu tathmini nyingi za DLC (nyongeza kama hizi) zinahesabu ramani, yaani viwanja vya mapigano, na bunduki, zinatoa alama, basi. Mimi nimeicheza hii kwa miaka. Naamini ndiyo bora kati ya nyongeza zote nne za gemu hii. Na naamini namna ilivyouzwa iliiumiza gemu yenyewe. Nitaeleza yote mawili.

Kwa wasioijua: Battlefield 1 ni gemu ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Walioitengeneza ni DICE wa Stockholm, mchapishaji ni Electronic Arts. Seva moja inabeba hadi watu 64, yaani 32 kwa 32. Ilipotoka, jeshi la Ufaransa halikuwemo. Vita iliyopiganwa miaka minne kwenye ardhi ya Ufaransa, na Mfaransa hayupo! Mwingereza yupo, Mmarekani yupo, Mwitaliano yupo. Mfaransa akaja na nyongeza hii ya kulipia, na Mrusi akaja na ya pili, In the Name of the Tsar, Septemba mwaka huohuo. Hilo lilinikera siku ile na bado linanikera.

Bei ilikuwa dola 14.99 ukinunua hii peke yake, au dola 49.99 kwa Premium Pass yenye nyongeza zote nne. Kwa dola ya mwaka ule hiyo ni kama shilingi 33,000 na shilingi 111,000.

Kwa hela hiyo unapata ramani nne (Verdun Heights, Fort Vaux, Soissons na Rupture), jeshi la Ufaransa, silaha sita, kifaru cha St Chamond, mzinga mkubwa wa kupiga kutoka mbali, askari mteule anayeitwa Trench Raider na rungu lake, dude la Char 2C (kifaru kikubwa kupita vyote), na aina mpya ya mchezo, Frontlines. Orodha inapendeza, lakini wakuu, orodha haichezwi. Twende kwenye ramani.

Fort Vaux ndiyo iliyonifunga. Ngome hiyo ipo kweli, karibu na mji wa Verdun. Juni 1916 Wajerumani walipanda juu ya paa lake, Wafaransa wakabaki chini, wakapigana siku kadhaa ndani ya korido gizani, kwa mabomu ya mkono na mitambo ya kurusha moto. Kamanda wao, Meja Raynal, alikuwa akituma ujumbe kwa njiwa, na njiwa wake wa mwisho alimrusha tarehe 4. Tarehe 7 wakajisalimisha. Kilichowamaliza ni kiu, maana tangi la maji la ngome lilikutwa halina kitu.

Waliotengeneza ramani walilielewa jambo hilo. Hakuna kifaru humo, hakuna ndege. Ni korido, ngazi, vyumba vya zege, viroba vya mchanga, na ua wa nje uliojaa mashimo ya mabomu. Nikupe dakika moja ya humo ndani. Mko sita kwenye kona, mnasubiri kuvuka korido. Mtu anarusha gesi, yote mbele inageuka njano. Unavaa barakoa, na ukishaivaa huwezi tena kulenga kwa jicho, unapiga kutoka kiunoni. Kwenye hedifoni husikii kitu isipokuwa pumzi zako mwenyewe. Mbele yako kivuli kinapita, hujui ni wenu au ni wao. Unafyatua mara mbili, kinaanguka, na nyuma yake anatokea mwingine na sindano, anamwinua palepale, na sasa wako wawili. Unarudi nyuma ukitafuta risasi na hakuna aliyeweka boksi. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba aliyebeba dawa na aliyebeba risasi wana thamani kuliko mwenye shabaha.

Kasoro yake ipo. Seva ikijaa watu 64, mabomu ya mkono yanakuwa kama mvua ya masika, na kuna dakika utakufa mara tano bila kumwona aliyekuua. Nimekutana na watu wengi walioichukia ramani hii kwa sababu hiyo, na sina cha kuwabishia. Ni kweli. Mimi naipenda nayo hiyo ikiwemo.

Verdun Heights ni mlima. Mshambuliaji Mjerumani anapanda, msitu unaungua, majivu yanadondoka, juu kuna mahandaki ya zege yenye watu wanaokungoja. Vita halisi ya Verdun ilianza tarehe 21 Februari 1916 kwa mizinga zaidi ya elfu moja ikapigwa kutwa nzima, na haikuisha hadi tarehe 18 Desemba. Kwenye Operations, ile aina ya mchezo inayounganisha ramani kuwa mapigano ya awamu kwa awamu, unatoka mlimani Verdun Heights unaingia ngomeni Fort Vaux. Ukishapoteza awamu mbili kwa kupanda mlima ule, ukiingia ngomeni umeshachoka kwelikweli. Sijawahi kuona gemu nyingine ya kufyatuliana inayokuchosha kwa namna inayofanana hivyo na kisa chenyewe.

Soissons ni ya wapenda vifaru, jua linazama, vijiji na daraja, St Chamond wanapishana na vifaru vya Wajerumani. Nzuri. Rupture ina maua mekundu ya kupendeza yaliyoota juu ya vyuma vya vita ya zamani, ila kwa wa miguu ni kukimbia tu: unatembea dakika nzima unapigwa na mdunguaji mmoja.

Frontlines ndiyo zawadi ambayo watu hawakuisema vya kutosha. Timu zote mbili zinagombea bendera moja tu kwa wakati. Ukiichukua, unasogea inayofuata kuelekea kwao. Wakiirudisha, mnarudi nyuma. Ni kuvuta kamba. Mkifika mwisho mnalipua mitambo ya telegrafu ya adui, na wao wakiwahimili, kamba inaanza kurudi upande wenu. Nilicheza mechi moja iliyokaribia saa nzima na mwisho hakuna aliyeshinda, na hakuna aliyetoka kwenye seva.

Silaha nitataja moja: RSC 1917, bunduki ya daktari wa kikosi. Risasi sita tu, lakini mbili za kifuani mara nyingi zinatosha kumlaza mtu. Ilibadilisha namna madaktari wanavyocheza, kwa sababu kabla yake daktari alikuwa mtu wa kufyatua sana na kutegemea bahati. Shida ni kwamba silaha hizi hazikuja mkononi. Kila moja ilifungiwa nyuma ya kazi maalumu, uue kiasi hiki kwa bunduki ile, ufanye kile mara kadhaa. Matokeo yake wiki za kwanza seva zilijaa watu wanaotimiza kazi zao badala ya kushika bendera.

Naendelea hapo chini na suala la kugawanyika, ngoja nichaji simu.

#2

Mkuu umeandika vizuri ila mimi sioni tatizo la kulipia. Kutengeneza ramani kama hizo ni kazi ya watu wengi kwa miezi mingi. Wale nao wana watoto. Asiye na hela acheze ramani za mwanzo, hakunyang'anywa kitu.

#3 (mleta uzi)

Ndugu yangu, hoja yako ni ya haki na sitaipuuza. Watu walipwe. Ila hapo pa "hakunyang'anywa kitu" hatuko pamoja.

Gemu ya mtandaoni ina watu ndani yake, na watu hao ni sehemu ya ulichonunua. Siku nyongeza inapotoka, mwenye nayo anahamia ramani mpya. Asiye nayo anabaki kule kule, lakini seva zake zimepungukiwa. Kwa hiyo kuna kitu amenyang'anywa: wachezaji wenzake. Mwezi ukipita, wa ramani mpya nao wanaanza kuchoka, wanarudi kwenye za zamani kwa sababu marafiki zao wako huko, na sasa ramani mpya ndizo zinazokosa watu. Halafu inakuja nyongeza ya pili, inagawa tena kundi lile dogo la walionunua ya kwanza. Ukifika ya nne, watu wamekatwakatwa kama mkate.

Sasa tazama sisi wa huku. Mchezaji wa Ujerumani akikosa seva kwao anaruka Uholanzi, haoni tofauti. Mimi Tabata, usiku mzuri, pingi yangu (muda wa ishara kwenda Ulaya na kurudi) ni milisekunde 170 hivi. Seva za Fort Vaux zilipokuwa ishirini nilichagua ile inayonipa nafuu. Zilipobaki mbili, na moja iko Marekani, nilikuwa namwona adui akichungulia, nampiga, na kumbe alishanimaliza kitambo. Sisi tulio mbali ndio tunaohisi kwanza seva zikipungua.

Na kulikuwa na njia nyingine, hata wakati ule. Titanfall 2 ilitoka Oktoba hiyohiyo ya 2016, tena chini ya mchapishaji huyohuyo, na ramani zake zote za nyongeza zilikuwa bure. Juni 2017 Battlefield 1 wenyewe wakaleta Premium Friends: mwenye Pass aliruhusiwa kuwaingiza marafiki wa kundi lake kwenye ramani za nyongeza, ingawa rafiki hakupanda daraja akiwa humo. Ilikuwa hatua nzuri. Ila miezi mitatu ilishapita, na wa Arusha alishahamia gemu za mpira.

Nikuongezee upande wako pia, maana haki ni haki. Battlefield V ilipotoka Novemba 2018 iliacha kabisa kuuza Pass, nyongeza zote zikawa bure. Watu hawakugawanyika. Lakini nyongeza zilikuja kwa kudonadona, na katikati ya 2020 zikaisha, Warusi hawakuingia kamwe kwenye gemu ya Vita ya Pili ya Dunia. Tuliolipia Battlefield 1 tulijua tutapata nyongeza nne na tulipata nne. Kwa hiyo sisemi cha bure ni bora moja kwa moja. Nasema ramani ziwe za wote, hela itafutwe kwenye mavazi, rangi za bunduki na vitu ambavyo rafiki yako akivikosa bado mnaweza kusimama handaki moja.

#4

Dada yenu nina swali la kawaida tu. Nina PS4, diski nilinunua dukani Mwenge imeandikwa ni ya Ulaya. Akaunti yangu ni ya Marekani. Nikinunua nyongeza hii itakubali?

#5 (mleta uzi)

Dada, usinunue kwanza! Nashukuru umeuliza.

Kwenye PS4 nyongeza lazima ilingane na eneo la diski. Diski ya Ulaya inataka nyongeza iliyonunuliwa kwa akaunti ya Ulaya. Ukinunua kwa akaunti ya Marekani hela itakatwa, faili litashuka, na gemu haitaitambua. Jamaa wa Sinza niliyemtaja juu yalimpata haya haya. Muuza kadi (zile za kuweka hela kwenye akaunti) alimhakikishia kwamba kadi yoyote inakubali popote. Alipewa ya Marekani, diski yake ya Ulaya. Alikaa wiki nzima anafuta na kushusha upya akidhani bando ndilo baya.

Angalia ubavu wa kasha la diski, kuna namba inayoanza na CUSA, na alama ya umri: PEGI ni Ulaya, ESRB ni Marekani. Fungua akaunti ya eneo hilo, nunua kadi ya eneo hilo, kisha shusha kwenye mashine hiyohiyo ukiifanya ndiyo mashine kuu ya akaunti hiyo mpya. Baada ya hapo unaweza kucheza kwa akaunti yako ya zamani na nyongeza itaonekana.

Na kama hujanunua gemu yenyewe kwa njia ya kushusha, tafuta toleo la Revolution badala ya kununua kipande kipande. Lina gemu na nyongeza zote nne, na mara nyingi linashushwa bei sana.

#6

Umesifia historia sana mkuu. Hilo dude la Char 2C halikupigana Vita ya Kwanza hata siku moja. Yalikamilika 1921, yakatengenezwa kumi tu.

#7 (mleta uzi)

Uko sahihi kabisa, na ni vizuri umeliweka wazi ili mtu asichukue gemu kama kitabu cha shule. Char 2C iliagizwa wakati wa vita, vita ikaisha kabla haijawa tayari. Ilikuwa na uzito wa tani 69 hivi, kwa hiyo naelewa kwa nini waliitamani: timu inayoshindwa inapewa dude, na hakuna kifaru kingine cha Ufaransa kinachotisha kiasi hicho. Nakubali kama mchezaji. Kama mpenda historia ningependa waandike mahali kwamba hilo ni la kubuni.

Ila angalia walichokifanya vizuri. Chauchat, ile bunduki ya rashasha ya Wafaransa, ndani ya gemu ni nzito, inafyatua taratibu. Ya kweli ilikuwa na kasha la risasi lenye tundu ubavuni, tope la mahandaki likawa linaingia mle. Na St Chamond wameiacha na pua yake ndefu inayokwama kwenye shimo. Nimekwama nayo Soissons mara zisizo na idadi, na wanajeshi wa kweli walikwama hivyohivyo.

#8

Kwangu mimi Turning Tides, nyongeza ya tatu, ndiyo baba lao. Kushuka pwani ya Gallipoli huku meli zinapiga, hakuna kinachofikia. Na mnajua kilichoniuma? Vita hii ilipiganwa hapa kwetu pia na hatukupewa hata ramani moja.

#9 (mleta uzi)

Gallipoli ni nzuri, sikatai. Lakini ile ilikuja vipande viwili, Desemba 2017 na Januari 2018, na ilipofika watu walishapungua. Nimecheza Cape Helles, ramani yake mojawapo, kwa tabu sana kupata seva iliyojaa, kwa hiyo hata kuihukumu vizuri nashindwa. Unaona tunarudi palepale.

Kuhusu kwetu, umenigusa. Novemba 1914 Waingereza na askari wao wa Kihindi walishuka Tanga wakashindwa na kikosi kidogo cha kamanda Mjerumani Lettow-Vorbeck, nyuki wakiwa wametibuliwa katikati ya mapigano. Julai 1915 manowari Königsberg ikamalizwa ndani ya delta ya Rufiji. Kariakoo tunapokwenda kununua pedi za PS imepata jina lake kutoka Carrier Corps, wapagazi waliobeba vita ile mgongoni na kufa kwa maelfu. Ramani ya Tanga, yenye reli, mashamba ya minazi na bandari, ningeilipia bila kuuliza bei. Na ningetaka kila mwenye gemu aipate.

#10

Kaka, swali la mwisho. Wale wenzako wawili waliishia wapi?

#11 (mleta uzi)

Mwaka 2018 Premium Pass ilitolewa bure kwa muda, hadi katikati ya Septemba. Nikampigia binamu usiku huohuo nikamwambia aichukue kabla haijafungwa. Akashusha usiku kucha, kesho yake tukaingia Fort Vaux wawili.

Mimi nilikuwa nimeshaicheza mwaka mmoja na nusu. Najua kila kona, najua wapi gesi inatupwa, najua ngazi gani haipandiki. Yeye anauliza, "Mlango wa kushuka uko wapi?" Nikamwambia nifuate. Akanifuata, akafa kwenye korido ya kwanza, nikarudi na sindano nikamwinua. Akafa tena. Tulicheza mpaka adhana ya alfajiri. Wa Arusha hakurudi kabisa.

Sasa hivi tuko watatu, PS4, seva za Ulaya, Ijumaa na Jumamosi saa tatu usiku. Tunaanza na Operations ya Verdun, nafasi moja iko wazi. Mwenye nia aandike hapa chini jina lake la mchezo, na aseme kama anabeba dawa au risasi.